Kutoka Redio ya Wote hadi Sikio la Mmoja



Alasiri ya tarehe 25 Januari 1971, Uganda nzima ilikuwa ikisikiliza chombo kimoja. Ofisa mteule Wilfred Aswa alisoma katika Redio Uganda zile hoja 18 za jeshi kutwaa madaraka, na aliyekuwa na redio siku hiyo alikuwa na majirani wengi. Miaka minane baadaye, Februari 1979, Mbarara ilitekwa katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, wananchi waliipata habari kwa njia ile ile, kutoka kinywa cha Luteni Kanali David Oyite-Ojok.

Kusikiliza wakati huo kulikuwa ni kukusanyika. Redio ilikuwa ghali na betri zake zilikuwa ghali zaidi. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa baadaye sana katika nyumba ya redio moja, nakumbuka betri zilizochoka zikianikwa juani kama mihogo, ili zipate nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Na saa za matangazo ziligawanywa kwa lugha: kila lugha na zamu yake, nyingine ndefu, nyingine fupi, nyingine haina kabisa.

Sasa tutazame Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara. Makazi hayo yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Watu hao walisikiliza redio ya nchi iliyowapokea, lakini redio hiyo haikuwa na saa ya kuwatosha wote. Kanda za kaseti, zilizotolewa na Philips mwaka 1963, ziliwapa wasafiri njia ya kwanza ya kubeba nyimbo za kwao. Na mwaka 1979 Sony wa Japani akauza Walkman, chombo cha kusikiliza kanda peke yako huku unatembea. Hata hivyo kanda haipendi vumbi, na Nakivale vumbi si haba.

Mageuzi makubwa yalitoka maabara ya Ujerumani. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer waligundua namna ya kuondoa katika muziki zile sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua, hata wimbo ukabaki kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Mtindo huo ulipewa jina la MP3 mwaka 1995. Mwaka 1998 Korea ya Kusini ikatoa kichezeshi cha mfukoni kilichobeba nyimbo chache tu. Na tarehe 23 Oktoba 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ikaonyesha iPod, ya nyimbo 1,000.

Wananchi wengi wa Mbarara hawakupata kuishika iPod, nayo iliacha kutengenezwa mwaka 2022. Kilichowafikia ni vichezeshi vya bei nafuu kutoka China, kisha simu yenye kadi ndogo kama ukucha. Mteja huenda kwenye kibanda chenye kompyuta, hutaja nyimbo azitakazo, hulipa, na kadi hujazwa. Mwanamuziki hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 ipo, na askari polisi wanaonisikiliza wanajua ugumu wa kuitekeleza kibanda kwa kibanda.

Lakini tazama kadi hiyo ilivyomfaa mkimbizi. Mtu aliyevuka mpaka bila sahani wala blanketi aliweza kuwa na rumba ya Kongo, au kwaya ya Kirundi, au nyimbo za Kisomali, saa yoyote, bila kungoja zamu ya lugha yake.

Wapo wazee wanaosikitika kwamba vijana wameziba masikio na baraza imekufa. Mimi sisikitiki upesi hivyo. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza Julai 1993, nayo iliwakusanya watu, vizuizini na vijiweni, na mwaka uliofuata ikawachochea kuua majirani zao. Wako waliotafuta hifadhi Uganda wakiikimbia sauti hiyo. Kwao, uwezo wa kuchagua cha kusikia si anasa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo kadi haiwezi. Mwaka 1994 huo huo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kiunganisha-jamaa, yakitaja majina ya watu waliopotezana katika mauaji na ukimbizi. Mama aliweza kusikia jina la mwanawe. Nyimbo 1,000 haziwezi kulitaja jina hilo, kwa sababu kadi inajua yale tu iliyojazwa jana kibandani. Ndivyo ilivyo pia kwa askari wa zamu aliyeziba masikio yote mawili: anausikia wimbo wa mwaka jana, hasikii nyayo za sasa hivi.

Simu nyingi za bei ndogo zinazouzwa Mbarara zina kadi ya nyimbo na redio pamoja. Na katika baadhi ya simu hizo redio haishiki kituo vizuri mpaka waya wa masikioni uchomekwe, kwa kuwa waya huo ndio antena yake.