Aliyezibiwa Ukuta Hutoboa Paa

Chumba changu cha kwanza kupanga hapa Dar kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazamana na ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unagusa tofali. Saa sita mchana nilisoma gazeti kwa taa. Ulipokuja mgawo wa umeme wa mwaka 2006 nikahamia mlangoni, nikamkuta mtoto wa mpangaji mwenzangu anafanyia hesabu zake kwenye kizingiti.

Nikamwomba mama mwenye nyumba anikubalie nibadilishe bati moja tu, niweke lile la plastiki linalopitisha mwanga. Kwa pesa yangu. Akaniangalia. "Mwanangu, mvua ikiingia utanilipa?" Nikanywea.

Kumbe mama yule alikuwa anauliza swali la miaka elfu mbili!

Chukua Roma ya kale. Nyumba za wenye nazo, kama zile zilizofukuliwa Pompeii, zilibanana ukuta kwa ukuta, na madirisha ya upande wa barabarani yalikuwa madogo na machache. Mwanga uliingia kwa juu, kupitia uwazi ulioachwa katikati ya paa la ukumbi. Na mvua je? Waliiacha iingie! Chini ya uwazi ule kulikuwa na kidimbwi cha kina kifupi, na maji yakateremkia kwenye tangi la ardhini. Hawakupigana na mvua, waliipa mahali pa kukaa.

Kwenye nchi za baridi ujanja huo haufai, lazima uweke kioo. Hapo ndipo serikali ilipoingia. Mwaka 1696 Uingereza ilianzisha kodi ya madirisha: ukiwa na madirisha mengi, unalipa zaidi. Watu wakayaziba kwa matofali. Labda unajiuliza, si wangetoboa paa? Watunga sheria waliliona hilo mapema, wakaandika kwamba dirisha la paa nalo linahesabiwa. Mwaka 1745 kioo chenyewe kikatozwa kodi.

Walioumia zaidi ni wapangaji. Jengo lenye familia nyingi lilihesabiwa kama nyumba moja, na mlipaji alikuwa mwenye nyumba. Yeye akaziba madirisha kuokoa pesa yake, wao wakabaki na giza na hewa nzito. Madaktari walipiga kelele miaka na miaka kwamba giza lile linaua watu. Kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845, ya madirisha mwaka 1851. Karne moja na nusu watu wanalipia jua!

Ikabaki ile mvua. Mwaka 1941 mhandisi wa Denmark, Villum Kann Rasmussen, alianzisha kampuni ya madirisha ya paa, yale ya Velux. Jina hilo limeunganisha neno la kupitisha hewa na neno la Kilatini la mwanga. Alitaka dari, pale watu walipokuwa wakitupia makorokoro, pawe mahali pa kuishi. Baada ya vita Ulaya ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na madirisha hayo yakapata soko.

Lakini anayenigusa mimi ni fundi wa Brazili, Alfredo Moser, wa mji wa Uberaba. Nchi yake ilipitia mgawo mkali wa umeme mwaka 2001. Mwaka 2002 akachukua chupa ya plastiki ya lita mbili, akajaza maji, akatia jiki kidogo ili yasiote ukijani, akaipenyeza kwenye tundu la paa, nusu juu nusu chini, kisha akaziba ukingo kwa gundi isiyopitisha maji. Tundu tupu hutupa mwanga sehemu moja, ila maji huupinda na kuusambaza chumba kizima. Mchana wa jua kali chupa moja hutoa mwanga kama wa balbu ya wati 40 hadi 60. Kuanzia mwaka 2011 shirika la MyShelter la Ufilipino likaieneza kwenye mitaa ya maskini ya Manila, na baadaye ikafika nchi nyingi.

Kwa hiyo mama mwenye nyumba hakukosea kuogopa mvua. Nilichokosa mimi ni jibu. Leo ningemwambia: mama, bati la juu lililalie hili la plastiki, na hili lililalie la chini, misumari ipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni maji yanakopita. Fundi yeyote makini anayajua hayo.

Mwanga wa jua hauna bili. Paa ndilo lenye mwenyewe. Wewe unayejenga vyumba vya kupangisha huko Mbagala au Kitunda, kabla hujapandisha mabati yako, mfikirie yule mtoto wa kwenye kizingiti. Bati moja tu.

Au wasemaje?