Kasumulu na mashine zake

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba uliogusa Zanzibar, Heligoland na, huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Mto Songwe, ambao ukageuzwa mpaka. Wanyakyusa wa upande huu wa Tanzania ya leo na Wangonde wa ng'ambo, Malawi, wanaoelewana bila mkalimani, hawakuulizwa. Mto nao haukuujali mkataba: mafuriko yameuhamisha mkondo wake mara kadhaa.

Kwa hiyo watu wa Kasumulu, penye kituo cha mpakani upande wa Tanzania, kuvuka hakujawasumbua sana. Kilichosumbua ni makaratasi.

Kasumulu ilipata uzito mpya miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilipokata reli zilizoifikisha Malawi kwenye bandari za Beira na Nacala. Malawi, isiyo na bahari, ikaelekea Dar es Salaam. Mizigo ikaja Mbeya kwa TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976, ikapakiwa kwenye malori na kuteremka kupitia Tukuyu hadi Songwe. Wakala wa forodha alijaza hati upande wa Tanzania. Ng'ambo ya daraja la Songwe mwenzake akaanza upya, kwa lori lilelile na dereva yuleyule.

Dawa ya kwanza ilikuwa tarakimu. Tangu 1 Januari 1988 dunia ina orodha moja ya kutambua bidhaa kwa namba. Mpunga ni 1006.10, mchele uliokobolewa ni 1006.30, uwe umetoka Kyela ya Tanzania au Karonga ya Malawi. Kabla ya hapo, mwaka 1981, UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa, lilikuwa limeanza kutengeneza ASYCUDA, programu ya forodha iliyoombwa na nchi za Afrika Magharibi. Tanzania na Malawi zote ziliitumia.

Lakini kutumia programu za ukoo mmoja hakuzifanyi zizungumze. Mwaka 1996, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipoanza kazi, huko Uswisi iliundwa FIPA, jumuiya ya wataalamu waliotaka programu za wamiliki tofauti ziweze kupelekeana ujumbe. Walipanga aina za kauli: kuarifu, kuomba, kukubali, kukataa. Hizo ndizo kauli za wakala na ofisa dirishani, ila dirishani huongezwa salamu na subira.

Mwaka 2014 Tanzania iliiacha ASYCUDA na kuingia TANCIS, programu nyingine ya forodha, iliyojengwa kwa ushirikiano na Wakorea. Malawi ikabaki na ASYCUDA. Ilikuwa hatua nzuri kwa bandari ya Dar es Salaam, na mtu asibeze hilo. Kwa Songwe, hata hivyo, ilimaanisha mifumo miwili ya asili mbili kukutana darajani. Ujuzi wa kuchagua lori la kukagua nao haukuwa wa mashine: njia za rangi, kijani kwa lori la kupita na nyekundu kwa la kupekuliwa, zilifuata vigezo vilivyowekwa na maofisa.

Kati ya mashine za mpakani, kinachokaribia zaidi roboti ni lakiri ya kielektroniki inayofungwa kwenye lori la mizigo inayopita kwenda nchi nyingine. Safari nzima hutuma mahali lilipo, na ikichezewa hutoa taarifa yenyewe, bila kusubiri kuulizwa. Lori linapofika Kasumulu, ofisa huifungua. Kazi ya lakiri kwa lori hilo imeishia hapo, nayo husubiri kufungwa kwenye lori jingine.