Historia Iliyobaki Chunguni

Shuleni tulikaririshwa historia ya vitabuni: wafalme, vita, mikataba. Mimi nasema iko nyingine inayopikwa, na shahidi wangu ni supu ya Kolombia iitwayo sancocho.

Jina lake latokana na neno la Kihispania la kuchemsha chakula nusunusu, lakini usidanganyike. Tetea mzee akiingia chunguni hutokota saa mbili na zaidi ndipo alainike. Katika bonde la mto Cauca hupenda kumpika kwa kuni, kando ya mto, siku ya Jumapili. Hufuata ndizi mbichi, ambazo wengi huzivunja kwa mkono bila kisu ili supu isiwe nyeusi. Halafu mahindi, muhogo, na viazi mwishoni visije vikapondeka. Tia majani ya giligilani, weka wali na parachichi pembeni, basi! Shibe yake si mchezo.

Sasa tuulize: nani kaleta nini? Muhogo, mahindi na viazi wenyeji wa Amerika walivilima maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kukanyaga huko. Kuku alishuka na meli za Wahispania, wale waliojenga mji wa Cartagena mwaka 1533. Ndizi asili yake Asia, ikapitia Afrika na visiwa vya Canary. Mwaka 1516 padre Tomás de Berlanga akaivusha hadi Karibi. Padre kaandikwa jina.

Lakini huko pwani ya Kolombia chungu hutiwa pia kiazi kikuu, zao lililotoka Afrika Magharibi katika zama za meli za watumwa. Nani alikipanda kwanza? Hana jina. Na wanawake Waafrika waliokoroga vyungu jikoni mwa mabwana, je? Nao vilevile.

Wachache tunawajua. Benkos Biohó alitoroka utumwani, akaongoza wenziwe kujenga ngome msituni. Watawala wakapatana naye, kisha wakamgeuka na kumnyonga Cartagena mwaka 1621. Utumwa wenyewe ulikoma Kolombia tarehe 1 Januari 1852, zaidi ya miaka mia mbili baadaye! Kijiji cha San Basilio de Palenque, cha wajukuu wa watoro hao, kingalipo, na lugha yao ingali hai.

Nasi tusijifanye watazamaji. Huu muhogo tunaoununua umechomwa kando ya barabara, asili yake huko huko Amerika Kusini. Wareno ndio walioupakia melini kuleta Afrika. Aliyeuchimbia shimo la kwanza pwani yetu, hatumjui ng'o.

Vijana wenzangu tunaotaka kuandika riwaya, mbona tunakimbilia ikulu tu? Bibi zetu wangali jikoni. Tuwaulize walipika nini miaka ya njaa, na nani aliwafundisha, tena tuandike na majina. Wakishaondoka, tutabaki na sufuria tupu.