Mapaja Si Kiti: Mtoto Mdogo na Gari la Kukodi Kutoka Uwanja wa Ndege

Mwaka jana nilitoka Malindi alfajiri kwenda kumpokea binti yangu katika Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa. Alikuwa anatoka Dubai na mwanawe wa miezi minane, mjukuu ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nimemwona kwenye simu tu. Gari tulikodi mapema, bei tukapatana, dereva akaja kwa wakati. Kila kitu tulikiuliza isipokuwa kimoja: mtoto atakaa wapi?

Binti yangu alikuja na kiti cha mtoto cha gari. Huko alikotoka alimfunga humo kila siku, maana tangu 2017 sheria ya kule inataka mtoto wa hadi miaka minne akae kwenye kiti chake. Lakini kiti kiliingia buti pamoja na masanduku. Binti alitaka kitolewe. Mimi ndiye niliyemkataza. "Niachie nimpakate mjukuu wangu," nilimwambia. "Kwani wewe nilikulea kwa kiti gani?" Akanyamaza, kwa kuwa mimi ni mamake.

Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Mtwapa, na baada ya Vipingo usingizi ukanichukua. Kabla ya njia ya Takaungu, bodaboda ikakata barabara mbele yetu na dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Hatukugonga kitu. Lakini nilipofumbua macho, mikono yangu ilikuwa mitupu. Mtoto alikuwa chini, baina ya viti, paji la uso limevimba na mdomo unatoka damu.

Usiku ule tulilala hospitalini Kilifi, mtoto akiangaliwa. Alipona, alhamdulillahi. Mimi nimebaki na deni, na nalilipa kwa kuwaandikia wenzangu yale niliyojifunza baadaye.

Kwa nini mikono haitoshi

Yaliyotupata yalikuwa ya breki tu. Tungegonga, hesabu ingekuwa nyingine. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha likasimama ghafla kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 140 hivi. Hiyo ni karibu mifuko mitatu ya simiti. Hakuna bibi, wala baba mwenye kifua kipana, awezaye kuizuia mikononi.

Ukitaka kuiona kwa jicho la hapa kwetu, kugonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Kwa kilomita 80, mnazi unakuwa wa mita 25. Barabara ya Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na sote tunajua magari yanavyokimbia pale njia inapofunguka.

Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto katika ajali kwa angalau asilimia 60. Linashauri kitumike hadi mtoto afike miaka 10 au urefu wa sentimita 135.

Kiti gani kwa mtoto gani

Mtoto mchanga hukaa kwenye kiti kinachotazama nyuma, yaani uso wake unaelekea upande wa buti. Sababu yake ni kwamba kichwa cha mtoto ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kuhimili. Gari likigonga, kiti hicho hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kanuni mpya ya viti ya Ulaya, R129, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15, na akiendelea zaidi ni bora.

Baada ya hapo hukaa kwenye kiti kinachotazama mbele, chenye mikanda yake ya mabegani na kiunoni. Akikipita hicho, hupewa kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga, usipite shingoni wala tumboni.

Ukinunua kiti cha mtumba, tafuta kibandiko chenye maandishi R44 au R129. Kagua kama plastiki ina ufa, kama mikanda ni kamili na kama kifungo kinalia "kach" kikifungwa. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena, hata kikionekana kizima. Kama muuzaji hajui kilikotoka, kiache.

Uliza kabla ya kukodi

Kosa letu lilianza kwenye simu. Ukimpigia mwenye gari, muulize haya kabla ya bei: Je, una kiti cha mtoto, na ni cha umri gani? Viti vya nyuma vina mikanda inayopita begani na kiunoni? Mikanda hiyo inafanya kazi?

Swali la mwisho si la kipuzi. Katika Probox na Noah zetu nyingi, vifungo vya mikanda ya nyuma vimezikwa chini ya kava za viti, havijaguswa tangu gari lishuke bandarini. Mwambie dereva avitoe nje kabla hajaja kukuchukua. Mwambie pia utahitaji dakika 10 za kufunga kiti, ili asikuharakishe.

Msafiri anayetoka ng'ambo na aje na kiti chake. Mashirika mengi ya ndege hukibeba bila malipo, lakini ni vyema kuuliza kabla. Na kikifika kisiingie buti. Kifungwe kwanza, masanduku yafuate.

Namna ya kukifunga

Kiti cha mtoto kifungwe nyuma. Kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele kwenye mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, kwani utakipiga kiti na kichwa cha mtoto pamoja.

Pitisha mkanda wa gari mahali palipoonyeshwa kwenye kiti. Gandamiza kiti kwa goti huku ukivuta mkanda. Kisha shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita 2 au 3, anza upya. Baadhi ya magari yana vyuma viwili baina ya mgongo na makalio ya kiti, vyenye alama ya ISOFIX. Kama kiti chako kina ndimi za kushika vyuma hivyo, vitumie.

Mtoto afungwe mikanda juu ya nguo nyepesi. Watoto hushuka kwenye ndege wamefungwa shali na blanketi. Viondoe, funga mikanda, ndipo umfunike. Mkanda umebana vya kutosha ikiwa huwezi kuufinya kwa vidole ukapata mkunjo.

Na usisahau jua letu. Gari lililosubiri kwenye maegesho huchemka, na chuma cha kifungo huweza kumuunguza mtoto. Kiguse kwanza kwa mkono wako.

Mtoto mchanga asikae kitini zaidi ya saa mbili mfululizo. Safari ya Malindi huweza kupita hapo, hasa foleni ikiwa ndefu Mtwapa. Simameni Kilifi, mtolewe, anyonye, anyooke, kisha mwendelee. Akilia njiani, msimtoe gari likiwa linatembea. Simamisheni gari.

Kama kiti hakikupatikana

Hapa nisikudanganye: kwa mtoto mchanga hakuna mbadala ulio salama. Azima kiti kwa jamaa, au ahirisha safari hadi kipatikane. Ukilazimika kabisa, mtoto awe nyuma, usafiri mchana, na mwambie dereva mwendo unaoutaka kabla ya kuwasha gari.

Usijifunge mkanda mmoja pamoja na mtoto uliyempakata. Gari likigonga, uzito wako wote utamkandamiza kwenye mkanda huo. Watoto wakubwa nao, kila mmoja awe na mkanda wake. Wawili katika mkanda mmoja hugongana vichwa.

Wanaoshukia uwanja wa Malindi husema mjini ni karibu, tuktuk inatosha. Tuktuk haina mahali pa kufunga kiti, na upande wake uko wazi. Ukiwa na mtoto mchanga, lipa zaidi uchukue gari.

Tusingoje askari

Baada ya mkasa wetu nilimpigia dereva yule kumshukuru, maana ndiye aliyetukimbiza hospitalini. Nikamuuliza kama anajua pa kukodi kiti. Akajibu kwa upole: "Mama, kiti ninacho nyumbani. Wageni wa hoteli za Watamu huniambia nije nacho. Wenyeji hawajawahi kuniuliza."

Neno hilo limenikaa. Watoto wa wageni wanapita barabara ileile ya Vipingo na Takaungu, na ng'ombe na bodaboda wanaokata njia ni walewale. Tofauti ni kwamba wao huuliza.

Wapo watakaosema sheria haitubani. Hata Uingereza, ambako mtoto hutakiwa kwenye kiti hadi miaka 12 au sentimita 135, teksi isiyo na kiti imeruhusiwa kumbeba mtoto nyuma bila kiti. Lakini ruhusa ya sheria haipunguzi uzito wa ile mifuko mitatu ya simiti. Mkanda wa matatu tuliuzoea kwa nguvu za askari, zilipoanza kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004. Kiti cha mtoto bado hakijapata Michuki wake, na mjukuu wangu hangeweza kumngoja.

Wapo pia watakaosema ajali ni kudura. Naamini kudura. Lakini mvuvi wa Malindi hutia nanga kwanza, ndipo akaenda zake msikitini. Haiachi ngalawa ielee akasema Mungu yupo.

Majuzi binti alirudi kuniona. Safari hii nilimpigia dereva siku mbili kabla, na nilipofika uwanjani nikakuta kiti kimeshafungwa nyuma. Mjukuu, ambaye sasa anatembea, alilia kidogo kisha akalala hadi Kilifi. Nami nilikaa kando yake, mikono imetulia, nimemshika kidole.