James Siang'a: Mwana wa Bungoma Aliyeheshimiwa Ugenini

Mtajie shabiki wa Simba wa Dar es Salaam anayeukumbuka vizuri mwaka 2003 jina la James Siang'a, na hutahitaji kumweleza zaidi. Mtajie kijana wa Kanduyi au Webuye jina hilo hilo, na huenda akakuuliza ni Siang'a yupi. Kazi yangu ni uhasibu, na kuona mali ya mtu imeandikwa kwenye kitabu cha mwingine si jambo geni kwangu. Ndivyo ilivyotupata kwa Siang'a.

Alianza kama kipa. Alidakia Luo Union na Gor Mahia, jambo ambalo mashabiki wa AFC Leopards, ambao ni wengi miongoni mwetu, wanaruhusiwa kulinung'unikia hadi leo. Alikuwa kwenye kikosi cha Kenya kilichokwenda Cameroon mwaka 1972, mara ya kwanza kwa nchi yetu kufika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 2-1 na wenyeji, tukatoka sare ya 1-1 na Mali na vivyo hivyo na Togo, tukarudi nyumbani. Ilichukua miaka 16 kabla ya Kenya kurudi tena.

Alipotundika njumu akageukia ukufunzi. Aliwahi kuzifundisha Gor Mahia na Harambee Stars, akavuka mpaka kwenda Express ya Kampala, na huko Tanzania akapitia Simba, Moro United na Mtibwa Sugar. Huo ndio msafara wa kocha: mkataba mfupi, mzigo begani, na ukipoteza mechi tatu unaanza kuuliza nauli. Simba ndiyo ngumu zaidi, maana nchi nzima imegawanyika kati yake na Yanga, na kila mtu sokoni ni kocha. Lakini Siang'a alikuwa na faida moja ambayo wageni kutoka Ulaya hawakuwa nayo: alizungumza na wachezaji wake kwa Kiswahili, bila mkalimani.

Mwaka huo wa 2003 Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, Dar es Salaam, Simba ilishinda 1-0. Bao moja ni akiba ndogo mno ya kwenda nayo Cairo. Kule Zamalek walilirudisha, mchezo ukaisha 1-0 kwao, jumla ikawa sare, na ikabidi kupiga penalti, au matuta kama wanavyoyaita ndugu zetu Watanzania. Golini kwa Simba alisimama Juma Kaseja. Nafikiri hakuna mtu uwanjani aliyeelewa upweke wa kijana yule kuliko mzee aliyekuwa kwenye benchi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kusimama pale katikati ya milingoti. Simba ilishinda 3-2. Bingwa wa Afrika aling'olewa nyumbani kwake na timu iliyofundishwa na mtu wa Bungoma.

Simba ikaingia hatua ya makundi pamoja na Enyimba ya Nigeria, Ismaily ya Misri na ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Haikuvuka hapo, na Enyimba ndiyo iliyotwaa kombe mwaka huo. Simba haikuiona tena hatua hiyo hadi msimu wa 2018/19.

Siang'a hakuishi kuuona msimu huo. Alifariki Septemba 2016, huku kwetu Bungoma.

Mwaka 2024 taifa zima liliadhimisha Madaraka kwenye Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Tuna uwanja sasa. Tusichokuwa nacho ni kumbukumbu za watu waliocheza kabla haujajengwa hivyo. Waliodaka na kupiga mpira pamoja na Siang'a ni wazee, na kila mwaka tunazika wengine. Katika bajeti tunayoichangia mwaka huu, ningependa chama kitenge fungu dogo la kuwarekodi wazee hao na kunakili picha zao. Si fedha nyingi, nimezipigia hesabu. Na kama nyumbani kwenu kuna picha ya timu, kadi ya mchezaji au gazeti la zamani, usilitupe wakati wa kupaka rangi sebule. Uje nalo siku ya harambee. Tutalinakili na kukurudishia hapo hapo.