Faili Mkononi mwa Mdaiwa: Makosa ya Tiba na Haki ya Mgonjwa Kujua

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, vijana wawili wenye jina la kwanza moja waliingizwa chumba cha upasuaji. Aliyekwenda kutibiwa goti alifunguliwa fuvu. Aliyekuwa na maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Februari 2018 yakatokea ya aina hiyo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Wagonjwa wawili walikuwa hawajitambui, mmoja ana damu iliyoganda kichwani, mwingine ana uvimbe usiohitaji kisu. Alipasuliwa huyu wa pili, na timu iling'amua saa kadhaa baadaye, ilipolitafuta donge la damu na kulikosa.

Kilichofuata Nairobi kilikwenda kwa mtiririko uliozoeleka. Daktari aliyepasua, mtoa dawa ya usingizi na wauguzi wawili walisimamishwa kazi, na Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, akampa mkuu wa hospitali likizo ya lazima. Madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa hospitalini hapo waliandamana, wakisema mwenzao siye aliyembandika mgonjwa lebo. Kwa wiki nzima mjadala ukawa ni nani afukuzwe. Waliokuwa na jambo zito zaidi la kuuliza ni wale wagonjwa wawili na jamaa zao: ilikuwaje, saa ngapi, na imeandikwa wapi?

Nadai katika makala hii kwamba swali hilo la mwisho ndilo kitovu cha haki za mgonjwa katika sheria za Afrika Mashariki, na ndilo tulilolipa uzito mdogo kuliko yote. Tunaandika mengi juu ya uzembe na fidia. Lakini fidia hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi wa kosa la tiba unatunzwa na mtu yuleyule anayeshtakiwa.

Tuanze na kosa lenyewe. Wakati mkasa wa MOI unatokea, hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, ndani ya nchi hiyohiyo, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoshiriki jaribio la Shirika la Afya Duniani (WHO) la orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Nyingine zilikuwa Toronto, Seattle, London, Auckland, Manila, New Delhi na Amman. Orodha ina vipengele 19, na cha kwanza kabisa ni kuthibitisha kwamba mgonjwa ni huyu, sehemu ya kupasuliwa ni hii, upasuaji ni huu na ridhaa ametoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Dawa ya kosa la Dar es Salaam ilikuwa inajaribiwa Ifakara katika msimu uleule.

Tusiitukuze karatasi, hata hivyo. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipoiagiza orodha hiyo katika hospitali zake, utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha hospitali 101 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Orodha inayowekewa alama za vema baada ya kazi kwisha, ili mkaguzi aridhike, haimlindi mtu. Kinacholinda ni watu kusimama, kutaja jina kwa sauti na kumruhusu muuguzi mdogo aseme "ngoja kwanza" mbele ya bingwa. Yeyote aliyewahi kuona ngazi za heshima zilivyo katika wodi zetu anajua kwamba hilo la mwisho ni gumu kuliko kuchapa fomu.

Kwa hiyo kosa la tiba ni zao la mnyororo, ilhali sheria inamtafuta mtu. Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya, zilizorithiwa kutoka kwa mkoloni mmoja, zinamtaja kati ya wakosaji anayetoa tiba au dawa kwa haraka isiyojali au kwa uzembe. Upande wa madai, kipimo kinachotawala bado ni kile cha shauri la Bolam, Uingereza, mwaka 1957. Mgonjwa alivunjika mifupa ya nyonga wakati wa tiba ya mshtuko wa umeme, akiwa hakupewa dawa ya kulegeza misuli wala hakuonywa juu ya hatari hiyo. Alishindwa kesi, kwa sababu lilikuwapo kundi la madaktari wenye sifa ambao nao wangefanya vivyo hivyo. Kisheria mahakama zetu hazifungwi na shauri hilo, kwani sheria ya Kiingereza ilipokelewa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Yaliyoamuliwa baadaye ni ya kushawishi tu. Lakini yameshawishi sana.

Waingereza wenyewe wamekwisha kukirekebisha kipimo hicho. Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, Baraza la Malodi lilisema rai ya wataalamu lazima isimame kimantiki, haitoshi iwe imetolewa na wataalamu. Mwaka 2015, katika shauri la Montgomery lililotoka Scotland, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mgonjwa aelezwe hatari ambayo mtu wa kawaida aliye katika nafasi yake angeiona ni ya maana, si ile ambayo daktari ameona inafaa kutajwa. Mama mwenye kisukari na umbo dogo hakuambiwa kwamba kulikuwa na uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Yalikwama. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imekwenda njia hiyo, na hata kuagiza kwamba, inapowezekana, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021. Mdai anaweza basi kusikilizwa kwa Kiswahili huku ushahidi wake wote, kuanzia maelezo ya daktari hadi karatasi ya dawa, ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho.

Hata hivyo, tukikibadilisha kipimo bila kugusa ushahidi, tumefanya kazi nusu. Mdai atathibitishaje kwamba dawa ya usingizi ilizidi, au kwamba muuguzi aliita na daktari hakufika hadi alfajiri? Yeye alikuwa amelala. Ndugu zake walikuwa nje ya geti wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Shahidi mtaalamu atatoka katika jamii ndogo ya mabingwa waliosoma pamoja. Linabaki faili, nalo liko kabatini kwa mdaiwa. Muda nao unakimbia: Kenya, kesi ya madhara dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12, Tanzania ni miaka mitatu, lakini anayeishtaki Serikali sharti kwanza atoe notisi ya siku 90. Familia inayozungushwa ofisi hadi ofisi ikiomba nakala ya faili inapoteza haki yake taratibu, bila mtu yeyote kuinyima rasmi.

Ya dawa ni magumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kisu kinaacha kovu. Dawa iliyokosewa inaacha ugonjwa unaofanana na ugonjwa. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Ikiandikwa au ikisomwa "kila siku", mgonjwa anaweza kufa kwa kuharibika uboho wa mifupa, na ndugu watasema alikuwa mgonjwa tangu zamani. Sasa fikiria karatasi anazobaki nazo mgonjwa wa kawaida wa nje. Ana bahasha ndogo iliyoandikwa "1x3", mara nyingi bila jina la dawa. Vidonge vimekatwa kutoka kwenye karatasi yake kwa mkasi, na kipande chenye namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda kimebaki dukani. Cheti kimechukuliwa, au hakikuwapo tangu mwanzo. Akidhurika, hana hata pa kuonyesha alimeza nini.

Uzito wa karatasi hiyo ndogo unaonekana katika misiba miwili iliyoachana kwa miaka 85. Mwaka 1937, nchini Marekani, dawa ya maji ya salfanilamidi iliyoyeyushwa kwa diethilini glikoli iliua zaidi ya watu 100. Wakaguzi waliifuata chupa kwa chupa kupitia vitabu vya mauzo na vyeti vya madaktari, wakakusanya sehemu kubwa ya shehena kabla haijanywewa, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kulazimisha dawa ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Mwaka 2022, sumu hiyohiyo ilikutwa katika dawa za maji za watoto nchini Gambia, ambako watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi. Ambako mauzo hayaandikwi, mkaguzi hupita nyumba kwa nyumba akiuliza mama gani amebakiza chupa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ya Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya zinazo fomu za njano za kuripoti madhara ya dawa, na ni mfumo mzuri. Lakini ripoti isiyo na namba ya toleo haiwezi kusema kama lililoharibika ni dawa yenyewe, kiwango cha dozi, au mwili wa mgonjwa.

Pingamizi zito kwa hoja yangu hutoka kwa madaktari wenyewe: ukimkabidhi mgonjwa faili, daktari ataandika kidogo, atakwepa wagonjwa wa hatari, na atakaa kimya akikosea. Hofu hiyo ina msingi. Desemba 2017, huko Nashville, Marekani, muuguzi RaDonda Vaught alichukua vekuronyamu, dawa ya kupooza misuli, badala ya dawa ya kutuliza yenye herufi za mwanzo zinazofanana, na mgonjwa akafa. Vaught alikiri mara moja. Hospitali haikuiarifu mamlaka ya udhibiti kama ilivyopaswa, ikamalizana na familia kimyakimya. Mwaka 2022 aliyetiwa hatiani mahakamani ni Vaught, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Wauguzi wa dunia nzima walisoma funzo lililo kinyume na lililokusudiwa.

Mimi nalisoma tukio hilo kama hoja ya kuuhamishia taasisi wajibu wa kusema ukweli. Uingereza, baada ya uchunguzi wa hospitali za Mid Staffordshire, iliweka mwaka 2014 wajibu wa kisheria kwa hospitali kumweleza mgonjwa na familia kilichoharibika na kuomba radhi. Anayebanwa hapo ni taasisi iliyoficha, wala si muuguzi aliyenena. Kwetu msingi wa wajibu kama huo upo tayari, angalau Kenya, ambako ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa mtu mwingine, inapohitajika kulinda haki yoyote. Tanzania iko nyuma: ibara ya 11 ya Katiba inagusa haki ya kusaidiwa wakati wa maradhi, lakini ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuisimamia. Zimebaki sheria za taarifa na za ulinzi wa taarifa binafsi, ambazo mawakili wetu wa madai bado hawajazipa kazi ya kutosha.

Wala wazo la mgonjwa kushika rekodi yake halina ugeni kwetu. Mjamzito hutembea na kadi yake ya kliniki tangu hudhurio la kwanza, na hakuna aliyewahi kudai kwamba wakunga wanaandika kidogo kwa kumwogopa. Linalokosekana ni kulifanya hivyo faili la wodini: nakala itolewe kwa ombi, ndani ya siku zilizotajwa, na bahasha ya dawa iwe na jina la dawa na namba ya toleo. Faili likipotea, hasara isimwangukie aliyelazwa. Hapa hata sheria mpya haihitajiki. Kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema jambo lililo katika ujuzi mahususi wa upande mmoja lithibitishwe na upande huo, na Tanzania inayo kanuni ya namna hiyo. Sioni jambo lililo katika ujuzi mahususi wa hospitali kuliko yaliyotendeka mlango wa chumba cha upasuaji ukiwa umefungwa.

Baki ya hoja ni fedha. New Zealand hulipa majeraha ya tiba kupitia mfuko wa ajali ulioanza 1974, bila mgonjwa kulazimika kumthibitishia mtu uzembe, na kila ninapoutaja mfano huo hujibiwa kwamba wao ni matajiri. Basi tuuache. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008, unaomlipa aliyeumia kazini bila kuuliza mwajiri alikosea nini. Kenya ina sheria yake ya 2007 ya mafao ya majeraha ya kazini yenye shabaha hiyohiyo. Muuguzi akichomwa na sindano yenye maambukizi akiwa kazini, madai yake yana njia, fomu na mlipaji. Mgonjwa aliyelala kitandani mbele yake, akichomwa sindano ya dawa isiyo yake, ana wakili kama anaweza kumlipa, na barua ya kuomba faili.