Madaftari mawili ya maji ya Uvira

Mjini Uvira, wafanyakazi wa Regideso huandika kila siku kiasi cha maji wanachosukuma kutoka mto Mulongwe. Hospitalini nako huandikwa wagonjwa wa kolera wanaolazwa. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliyaweka madaftari hayo mawili pamoja, kuanzia 2009 hadi 2014. Jibu lilitoka mwaka 2015: robine zikikauka siku nzima, wanaoshukiwa kuwa na kolera huongezeka kwa asilimia 155 ndani ya siku 12 zinazofuata.

Hakuna uchawi hapo. Umeme ukikatika, pampu husimama, na mama anabeba bidoni kwenda ziwani.

Kwa wazungu, hofu ya mabomba ya kazini ilitokana na jambo jingine. Mwaka 1976 askari wa zamani waliokutana hotelini Philadelphia waliugua mapafu, wengine wakafa. 1977 kijidudu kikajulikana, legionela, kinachopenda maji vuguvugu yaliyolala. Huku kwetu taabu kubwa ni maji yasiyofika.

Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kuharibu mitambo ya maji. Runingu, kwenye bonde la Ruzizi, aliyekimbia vita haulizi daftari. Anauliza maji yako wapi, na kama yametiwa klorini. Kipimo ni chepesi: kidonge kidogo ndani ya kichupa cha maji. Yakigeuka pinki, klorini ipo. Yakibaki bila rangi, haipo. Na maji hayo ya kipimo yamwagwe, watoto wasiyanywe.